Fraizi ndani ya parseli: gunia moja kwanza, deni hapana

Goma kuna hesabu inayopita kwenye simu na kwenye vikundi vya akiba, na inapita haraka kuliko chukudu kwenye mteremko. Inasema hivi: fraizi zinalipa kuliko maharagi, miche mia moja inaenea nyuma ya nyumba, na baada ya miezi michache mama wa nyumba atalipa kodi na masomo ya watoto bila kuomba mtu. Anayeleta hesabu hiyo mara nyingi ana miche ya kuuza.

Fraizi inastahili nafasi ndani ya parseli za Goma, hata ile inayokaliwa na familia tatu zilizokimbia vita. Lakini haistahili nafasi hiyo kwa sababu ya pesa. Inastahili kwa sababu ni tunda ambalo mtu asiye na shamba anaweza kuwa nalo kama mali yake, akalihamisha, na watoto wake wakala. Anayelipanda kwa deni amekosea njia tangu mwanzo, na ni vizuri aambiwe kabla hajagusa pesa ya likelemba.

Hesabu ya kweli ni ndogo zaidi. Mche mmoja uliotunzwa vizuri shambani hutoa karibu robo kilo mpaka nusu kilo kwa msimu. Ndani ya gunia, penye udongo kidogo na maji ya kuhesabu, mara nyingi ni chini ya hapo. Gunia lenye miche kumi likitoa kilo mbili, mwenye gunia amefanya kazi nzuri. Na kilo hizo hazitoki siku moja. Leo matunda manne, kesho kutwa sita, wiki inayofuata mvua inaozesha nusu. Mchuuzi anahitaji beseni lililojaa asubuhi moja. Gunia halijazi beseni.

Tena fraizi haina subira. Ndizi na avoka huchumwa zikiwa ngumu zikaivia njiani. Fraizi ikichumwa nyeupe inabaki chachu hivyohivyo. Ikichumwa nyekundu, pasipo baridi ina siku moja, pengine mbili, kisha inalainika na kutoa maji. Wakulima wa Limuru, kule Kenya, wanapanda fraizi kwa ajili ya kuuza, lakini wao wana barabara ya lami inayoingia Nairobi na mji mkubwa unaonunua kila siku. Wanunuzi wenye pesa walikuwa Goma pia: wafanyakazi wa mashirika ya kiutu, hoteli, wageni. Mji ulipoingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, wengi wao waliondoka, uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafunga milango. Anayemwambia mama aliyetoka Masisi kwamba soko la fraizi liko wazi anamsimulia Goma ya zamani.

Basi kwa nini fraizi, na si kitu kingine?

Jibu liko kwenye ardhi, na kila aliyewahi kukodi shamba Kivu ya Kaskazini analijua. Mwenye shamba humruhusu mkodi kupanda maharagi, mahindi, viazi, vitu vya msimu mmoja. Akimwona anachimba shimo la mgomba, la mkahawa au la mti wa mikaratusi, ugomvi unaanza siku hiyo. Mmea unaokaa miaka ni kama sahihi juu ya ardhi. Mtoto wa mkodi atakuja kusema baba yake ndiye aliyeupanda, na kesi nyingi mbele ya machifu na mahakamani zimeanza na mgomba mmoja. Ndiyo maana familia inayopanga chumba Ndosho, Katoyi au Majengo haina mti wa matunda hata mmoja. Mpapai, mpera, mwavoka, yote ni miti ya mwenye parseli. Mpangaji hula tunda akilinunua, na watoto wake hula lililoanguka kama mwenye nyumba yuko katika siku nzuri.

Fraizi inapita katikati ya ugomvi huo. Ni mmea unaokaa miaka, huzaa miaka miwili au mitatu kabla ya kuchoka, lakini haushiki ardhi ya mtu. Mizizi yake ni mifupi, sehemu kubwa iko kwenye sentimita 20 za juu. Inaishi ndani ya gunia, ndani ya beseni lililotoboka, ndani ya bidoni ya njano ya mafuta iliyopasuliwa kwa urefu ikawa mihori miwili. Mpangaji akifukuzwa Jumamosi, anabeba bidoni yake na miche yake pamoja na sufuria. Mwenye nyumba habaki na kitu cha kumtia wasiwasi.

Wapo wenye parseli wanaokataa hata gunia. Wanasema litaleta mbu, matope, au kwamba mpangaji ataanza kujiona yuko kwake. Kuhusu mbu na matope, gunia lililotobolewa vizuri halituamishi maji. Kuhusu kujiona yuko kwake, ni ajabu kidogo kumwogopa mtu kwa sababu ya miche kumi ya fraizi. Mwenye parseli akidai sehemu ya matunda, hilo ni jambo la kuongea, na linaongeleka.

Hali ya hewa ya Goma inasaidia. Mji uko kwenye mita karibu 1500 juu ya bahari, kando ya ziwa, na usiku una baridi ya kutosha kuipa fraizi pumzi ambayo haipati Kinshasa wala Kisangani. Tatizo la Goma ni chini ya miguu. Mtaa kwa mtaa, mji umekaa juu ya mawe ya volkano. Uji wa moto wa Nyiragongo wa tarehe 17 Januari 2002 ulipita kwenye uwanja wa ndege na katikati ya mji mpaka ziwani, na watu walijenga upya juu yake. Ule wa tarehe 22 Mei 2021 ulisimama karibu na Buhene, mlangoni mwa mji. Mawe hayo yakisagika kwa miaka mingi hutoa udongo wenye nguvu, lakini mtu anayetaka kula mwaka huu hawezi kungoja. Na mvua ikinyesha, maji hupenya katikati ya mawe na kupotea. Goma ni mji wa mvua nyingi usio na mto hata mmoja. Kwa hiyo gunia si umaskini. Ni njia ya akili ya kulima hapa, na mwenye nyumba ya matofali ya Himbi angefanya vilevile.

Udongo unaofaa ni ule mweusi ulio mwepesi, uchanganywe na samadi iliyooza kabisa: ya mbuzi, ya sungura, au ya simbilisi, wale wanaoitwa kobayi. Iliyooza maana yake haina tena moto wala harufu. Watu wengi wamezoea kumwaga majivu ya makala kwenye bustani, na lengalenga huyapenda. Fraizi hupenda udongo wenye uchachu kidogo, na majivu huuondoa. Majivu yaende kwenye lengalenga. Wakati wa kupanda, jambo linaloua miche mingi kuliko yote ni dogo sana: moyo wa mche, pale majani yanapochipukia, ukifunikwa na udongo unaoza, ukiachwa juu sana mizizi inakauka. Moyo ukae sawa na uso wa udongo, basi.

Maji ndiyo sehemu ngumu, na hapa hakuna wa kudanganywa. Familia inayonunua maji kwa bidoni, au inayotuma mtoto ziwani Kituku alfajiri, haiwezi kumwagilia bustani kama mtu mwenye bomba. Gunia la fraizi linahitaji maji kidogo lakini mara kwa mara; likikauka siku tatu za jua la Julai, maua yanaanguka. Maji ya kuoshea mchele, mboga na maharagi yanafaa sana. Maji ya vyombo yenye sabuni kidogo yanavumilika siku mojamoja. Maji yenye javel au chumvi hapana. Maganda makavu ya maharagi au majani makavu ya mgomba yakitandazwa juu ya udongo yanazuia jua kunywa maji yote, na yanafanya tunda lisilale kwenye tope. Wengine hutuma watoto kukata majani makavu kwenye mabonde upande wa Lac Vert na Bulengo. Hapo watu wazima wakumbuke mazuku. Ile hewa nzito hukaa kwenye mashimo na sehemu za chini, haionekani, na mtoto aliyeinama kukata majani ndiye wa kwanza kuipumua. Maganda ya maharagi yako sokoni.

Kuna jambo moja ambalo wauza miche hawalisemi kabisa, nalo ni kipindupindu. Fraizi huliwa mbichi, haina ganda la kumenya, na hukua karibu na udongo. Goma ni mji ambao kipindupindu kinauzoea kama mpangaji wa zamani. Ukimwagilia tunda maji machafu ya ziwa kutoka juu, au ukiweka gunia mahali ambapo maji ya choo hupita mvua ikinyesha, umempa mtoto ugonjwa kwenye sahani nzuri. Kwa hiyo maji yamwagwe kwenye udongo chini ya majani, kamwe si juu ya matunda. Gunia liinuliwe juu ya mawe mawili matatu, upande wa juu wa choo. Samadi mbichi isiguse mmea wenye matunda. Na tunda lioshwe kwa maji yaliyotiwa dawa, yaleyale ya kunywa, kikombe kimoja kinatosha. Familia isiyo na maji salama ya kikombe kimoja inaweza kupika fraizi na sukari kidogo dakika chache. Zinapoteza sehemu ya nguvu zake, lakini zinaliwa bila hofu. Shirika linalogawa miche bila kusema maneno haya lingeacha tu.

Wakaaji wa Rusayo na upande wa Nyiragongo wanajua pia kwamba moshi wa volkano ukishuka, majani ya mimea huungua madoadoa. Fraizi nayo huungua. Gunia lina faida ndogo hapo: linaweza kusogezwa chini ya paa siku ya moshi au ya mvua ya mawe, jambo ambalo shamba la viazi haliwezi.

Turudi kwenye miche yenyewe, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea bure. Fraizi kubwa inayoliwa leo duniani haikutoka porini hivyo ilivyo. Mwaka 1714 Mfaransa mmoja, Amédée-François Frézier, alirudi kutoka Chile na miche mitano tu iliyosalimika safari ndefu ya meli. Miche hiyo ilikuwa majike matupu, ikakaa Ufaransa bila kuzaa vizuri mpaka ilipochanganyika na fraizi nyingine iliyotoka Amerika ya Kaskazini. Mtoto wa ndoa hiyo ndiye fraizi ya sasa, na mtaalamu kijana aitwaye Duchesne ndiye aliyeieleza mwaka 1766. Kwa kuwa ni mchanganyiko, mbegu zake hazizai mche unaofanana na mama. Anayenunua pakiti ya mbegu ananunua bahati nasibu, na atangoja muda mrefu kuona ameshinda au ameshindwa.

Mmea wenyewe una njia yake isiyo na gharama. Mche mama hutoa kamba nyembamba zinazotambaa, na kwenye fundo la kamba huzaliwa mche mtoto, wenye majani na mizizi yake. Mtoto huyo akiegemezwa kwenye kikopo cha udongo huku bado amefungwa kwa mama, baada ya wiki chache anajishikilia mwenyewe na kamba inakatwa. Mche mmoja unaweza kutoa watoto wengi ndani ya mwaka. Kwa hiyo mche wa fraizi usiwe kitu cha kukopea. Unaombwa kwa jirani, kama moto wa asubuhi ulivyokuwa ukiombwa. Mwenye miche mitatu mizima mwezi huu anaweza kuwa na kumi na tano mwakani, na kama ni mtu wa watu, amewapa wengine watano. Wenye bustani wanaokata kamba zote na kuzitupa ili jirani asipate mbegu, na wapo, wanafanya uchoyo usiowaletea hata faranga.

Kuna swali ambalo mtu wa kambini angeuliza, na ana haki ya kuliuliza kwa hasira. Kambi za Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na nyingine zilipovunjwa Februari 2025, watu waliondoka na godoro kichwani. Wengine walirudi kwenye vijiji vyenye nyumba zilizochomwa, wengine wako kwenye vyumba vya ndugu hapa mjini mpaka leo. Mtoto hana bugali, na mtu anakuja kuzungumza fraizi?

Hasira hiyo inaeleweka. Fraizi haishibishi, sehemu tisa kwa kumi ya tunda ni maji. Gunia la kwanza la familia yenye njaa liwe la lengalenga, ambazo huchumwa baada ya wiki tatu au nne, na la pili liwe la vitunguu. Hilo halina mjadala. Lakini mtoto wa Goma anayekula maharagi na mboga za majani kila siku anakula madini ya chuma ambayo mwili wake hauyachukui yote. Vitamini C ikiwa kwenye mlo huohuo, mwili unachukua zaidi, na fraizi kwa uzito inayo nyingi kuliko chungwa hata kidogo. Mapera yanayo zaidi, mara tatu na kupita, na mwenye mpera asisumbuke na fraizi. Ila mpera ni mti, unataka miaka na unataka ardhi, na mazungumzo yanarudi palepale kwa mwenye parseli. Matunda matano ya fraizi mkononi mwa mtoto aliyemaliza sahani ya maharagi ni kitu ambacho mpangaji anaweza kukitoa bila kuomba ruhusa ya kuchimba.

Na kuna watoto wenyewe. Mashirika yamefundisha mabustani ya magunia miaka mingi hapa, na kila mtu ameona magunia yaliyokauka mwezi mmoja baada ya gari la shirika kuondoka. Lengalenga kwa mtoto ni kazi. Mche wenye ua jeupe, kisha tunda la kijani, kisha jekundu, unaangaliwa na mtoto kila asubuhi kabla hajanawa uso, na mtoto anayeuangalia anaumwagilia, na maji yanayobaki yanaangukia lengalenga za jirani. Mradi wa magunia ungeweza kuongeza miche mitatu ya fraizi kwa kila familia bila kubadilisha bajeti yake. Wagawe kwa wenyeji wanaopokea wakimbizi pia, sawasawa, maana ugomvi wa ndani ya parseli huanza pale upande mmoja unapopata na mwingine unatazama.

Kwa familia zilizo njiani kurudi Masisi, Rutshuru au Nyiragongo, miche watoto ni mzigo mwepesi. Mizizi ifungwe kwa kitambaa kilicholowa, majani mengi yakatwe yabaki mawili matatu, vyote viwekwe ndani ya sashe isiyofungwa mdomo. Kivulini inavumilia siku kadhaa. Milima ya Masisi ina baridi kuliko Goma na udongo wake hauhitaji gunia. Huko fraizi inaweza kushuka chini, kama shamba bado ni la aliyerudi.

Wanaobaki mjini wapande mvua za Septemba zikishakaa vizuri. Maua ya mwezi wa kwanza yakatwe, hata kama roho inauma, ili mche uote mizizi kwanza. Matunda yataanza miezi mitatu au minne baadaye. Konokono wasio na gamba waokotwe usiku kwa tochi ya simu. Tunda lenye ukungu wa kijivu litolewe siku hiyohiyo kabla halijaambukiza mengine. Na kwenye parseli yenye familia tano na choo kimoja, gunia liwekwe mbele ya mlango wa yule anayeshinda nyumbani mchana, kwa kawaida ni nyanya au koko, kwa sababu ndege huanza saa kumi na mbili asubuhi na watoto wa mwenye nyumba huanza wakitoka shule.